Mkaguzi wa Mizani na Zimwi la Simuni

Kwa miaka thelathini na mmoja Gramu alikuwa na kazi moja tu hapa duniani: kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Asubuhi alitoka ofisi ya vipimo akiwa na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, kila jiwe limelala kwenye shimo lake juu ya kitambaa chekundu, akazunguka buchani, madukani na kwenye maghala ya nafaka. Hakuyashika mawe yale kwa vidole vitupu. Jasho la mtu lina uzito wake, alikuwa akisema, na uzito huo si haki ya muuzaji wala ya mnunuzi. Ndiyo maana wakampachika jina la Gramu. Mwanzoni lilikuwa jina la kumchekea kisogoni. Baadaye likazoeleka hata barua nyingine zikawa zinafika ofisini zimeandikwa hivyo, naye akazipokea bila kununa.

Alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo huo ulishamtokea puani. Mwaka wa pili wa ndoa yake aliingia ghala la mama mkwe wake, akaweka jiwe la kilo tano, mshale ukasoma tano na robo, naye akapiga muhuri wa kukataa palepale, wateja wanaona. Mama mkwe hakumsemesha kwa miezi kumi na minne. Akiwa na neno naye, aliuambia mlango. "Ewe mlango, mwambie huyo bwana chakula kiko mezani." Mke wa Gramu, fundi wa mapazia mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikisimulia kisa hicho kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani, na kila akikisimulia miezi iliongezeka.

Walikuwa na watoto watatu. Wawili walishakuwa na nyumba zao, akabaki mziwanda, msichana wa miaka ishirini na sita aliyefanya kazi ya kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Mziwanda akamleta kijana nyumbani.

Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, na ana adabu za kutosha ukoo mzima. Aliamkia, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Gramu akamwacha anywe chai nusu kikombe, kisha akauliza swali ambalo baba yeyote angeuliza.

"Shughuli yako ni nini, kijana?"

"Natengeneza michezo, Baba."

"Ya kuigiza?"

"Ya simu. Gemu."

"Unazicheza?"

"Nazitengeneza. Wanaocheza ni wengine."

Gramu akamtazama mkewe. Mkewe akalitazama pindo la pazia kana kwamba ndilo lililoulizwa.

"Sasa huyo anayecheza," Gramu akaendelea, "akimaliza kucheza, anabaki na nini mkononi?"

Kijana alilifikiria swali lile kwa dhati. "Simu, Baba," akasema.

Mziwanda akaona mambo yanakwenda mrama, akadakia. Akaeleza kwamba mwenzake na rafiki zake wawili wametoa mchezo wao wa kwanza, unaitwa Zimwi Dogo, na kwamba ni mchezo wa kupitishia muda tu, mtu anaucheza akiwa kwenye foleni. Unaanza na kizimwi kidogo kama punje ya maharage. Unakitembeza pangoni, unakilisha, kinakua, kinageuka umbo. Kikifa, unaanza upya.

"Kinakufa?"

"Kinakufa sana, Baba," kijana akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. "Hapo ndipo utamu wake."

Gramu alitikisa kichwa taratibu. Utamu wa kufa hakuwahi kuusikia. Lakini kijana alikuwa ameshapata moto. "Ukipata nafasi, Baba, uupakue, uucheze, halafu pale chini uandike maoni. Watu wakiandika maoni, na wengine wanauona."

"Maoni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

Maskini, alisema vile kwa heshima tu, kama mtu anayekuambia karibu tule huku sufuria imeshaoshwa. Gramu hakujua kwamba ukaguzi huweza kuombwa kwa heshima tu. Jumatatu alifungua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: *Zimwi Dogo. Ukaguzi wa siku kumi na nne.*

Siku ya kwanza aliufungua saa saba mchana, kwenye benchi nyuma ya ofisi, baada ya kula. Punje ya maharage ikatokea, ina macho mawili, inapepesa. Akaisukuma kwa kidole. Ikala mnyoo. Ikala mende. Mara kioo kikasimama, kikamletea vitu vitatu achague kimoja: pembe, mbawa au gamba. Gramu alichagua gamba, kwa kuwa mwenye gamba hana ugomvi na mtu. Vyumba viwili mbele, chura mwenye meno akalimeza zimwi pamoja na gamba lake. Kioo kikawa cheusi, kikaandika: *Umekufa. Anza tena?*

Gramu aliyasoma maneno yale mara mbili. Katika maisha yake hakuwahi kupewa taarifa nzito namna ile kwa lugha nyepesi namna ile.

Akaanza tena. Akaenda palepale penye mnyoo. Mnyoo hakuwepo. Mlango uliokuwa kushoto ulikuwa sasa kulia, na chumba cha mende kilikuwa kimejaa maji. Akaigonga simu mara mbili kwenye goti, akidhani imepata hitilafu, akaanza mara ya tatu. Safari hii hapakuwa na mlango kabisa, palikuwa na shimo.

Yote aliyaandika. Mara ya kwanza, kushoto. Mara ya pili, kulia. Mara ya tatu, shimo. Kufikia Jumatano alikuwa amekufa mara ishirini na mbili na hakuna njia mbili zilizofanana. Hapo akaanza kusumbuka moyoni. Katika kazi yake kuna dhambi moja iliyozidi zote. Mizani inayopunja kila siku kiasi kilekile ni mwizi, lakini ni mwizi unayemjua: unaifungua, unairekebisha, mambo yanakwisha. Ila mizani inayosema hili asubuhi na lile jioni, hiyo ni kichaa, na kwa kichaa hakuna bisibisi. Na huyu kijana, mwenye adabu zote zile, alikuwa amekaa chini na akili zake timamu akatengeneza kichaa kwa makusudi.

"Mama watoto," alisema jioni ile. Mkewe alikuwa anapinda pazia, pini nne mdomoni. "Jana nilikuwa na pembe mbili na mkia wa moto, nikafika mbali. Leo nimechagua vilevile, pembe na mkia, nimeuawa na konokono."

"Ni wewe au ni zimwi?" mkewe akauliza kupitia kwenye pini.

"Ni zimwi, bila shaka."

"Mbona unasema nimeuawa?"

Gramu akalichukua daftari, akaliandika swali lile jinsi lilivyo.

"Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha," mkewe akaongeza, akitoa pini moja. "Hilo lako bado mnafahamiana."

Wiki ya pili alicheza asubuhi pia, jikoni, akisubiri maji ya chai yachemke. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya kukamilisha ukaguzi. Lakini ofisini alijikuta, katikati ya kuandika ripoti ya mizani ya bucha, anafikiria kwamba labda jicho la tatu ni bora kuliko mbawa. Na njiani akiona dimbwi la maji alijiuliza lina kina gani na kuna nini ndani. Kama kupenda ni hivyo, alikuwa anapenda. Kama ni kuugua, alikuwa mgonjwa. Hakuwa na kipimo cha kuvitofautisha.

Siku ya kumi, Jumatano, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kikatokea kitu. Zimwi lake lilipogeuka umbo mara ya tatu, lilitoka na macho matatu na mbawa mbili, na halikuwa na mdomo. Gramu alilitazama huku na huku. Hakuna. Palipokuwa mdomo palikuwa laini kama yai. Zimwi lisilo na mdomo haliwezi kula, na lisilokula halikui. Akaona hapa kazi imekwisha, akalisukuma mbele ili life upesi aanze upya. Likaenda. Chura mwenye meno akaliona, akalipisha. Popo wakalipisha. Likapita chumba baada ya chumba, haligusi kitu wala haliguswi, mpaka kioo kikaandika: *Ngazi ya sita.* Kilikuwa chumba kikubwa, mnanyesha mvua, na katikati limelala zimwi jingine, kubwa kama kilima. Gramu alisimama wima jikoni, simu mikononi. Hakujua apigane, akimbie, au abishe hodi. Akaligusa kidogo tu. Lile kubwa likafumbua jicho moja. Yakatazamana. Yakatazamana sana, mvua inanyesha.

*Umekufa. Anza tena?*

Sufuria ilikuwa imekauka maji na kitako chake kimegeuka cheusi. Mkewe alipouliza, Gramu alisema gesi ya siku hizi ina moto mkali. Siku nzima alikuwa kama aliyeota ndoto akausahau mwisho wake. Kwenye bucha la kwanza alichukua jiwe la kilo mbili kwa vidole vitupu, mbele ya watu, na mwenye bucha akaacha kukata nyama.

Siku ya kumi na nne alikaa mezani, akavaa miwani, akaandika maoni pale chini kama alivyoombwa. Alibonyeza herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja, muda wa saa nzima:

*Mchezo huu nimeukagua siku kumi na nne, mara mia moja na kumi na moja. Haurudii kipimo. Njia zinahama bila taarifa. Zawadi ileile leo inaokoa, kesho inaua. Zimwi limewahi kuota bila mdomo na hakuna mahali pa kupeleka lalamiko. Vifo ni vingi mno. Lengo sikulielewa. Maandishi yanasomeka vizuri. Mkaguzi Mwandamizi, Mizani na Vipimo.*

Kwake ripoti ilikuwa mahali pa kasoro. Sifa hazikuandikwa, sifa ilikuwa muhuri wenyewe. Na hapo juu ya maandishi yake zilikuwapo nyota tano tupu, zimepangwa mstari, zinasubiri. Gramu alifikiri. Ofisini kwao mizani huwa na madaraja: la kwanza ni la kupimia dhahabu na dawa, la nne ni la kupimia kokoto. Alikumbuka lile jicho lililofumbuliwa mvuani. Kulikuwa na kitu ndani ya mchezo ule ambacho hakikuingia kwenye mistari ya daftari, na mtu mwaminifu lazima akiri hata asichoweza kukieleza. Akabonyeza nyota ya kwanza. Ikawaka njano. Akavua miwani, roho yake nyeupe, akijiona amempa kijana wa watu heshima kubwa.

Kesho yake Mziwanda hakumwamkia.

Gramu alidhani hakumsikia. Jioni binti alichukua sahani yake akaenda kula chumbani. Siku ya tatu alipita mbele ya baba yake kama anayepita kabati. Kijana mwembamba, aliyekuwa akija kila Jumamosi, Jumamosi ile hakuonekana.

"Wamegombana?" Gramu alimuuliza mkewe.

"Muulize mwanao."

"Mwanangu hanisemeshi."

"Basi ongea na mlango," mkewe akasema, akaingiza uzi kwenye sindano.

Akajipekua. Je, alikosea kuuliza habari ya kubaki na nini mkononi? Lakini hilo lilikuwa la wiki tatu nyuma, na kijana alijibu vizuri. Au ni ile sufuria? Sufuria ilikuwa ya mama mtu, haikuwa ya binti. Akajaribu kumwekea Mziwanda embe lililomenywa mlangoni. Asubuhi akalikuta palepale, nzi wamelikalia. Mtu anayejua kosa lake hulala na kosa lake. Gramu alilala na kosa la mtu asiyemjua.

Aliyemfungua macho alikuwa karani wa ofisi, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila alichonunua alikinunua kwa simu. Mchana mmoja alimkuta Gramu kwenye benchi, akauliza anatazama nini. Gramu, kwa fahari kidogo, akamwonyesha maoni yake. Karani akayasoma midomo inamchezacheza. Alipofika juu akaganda.

"Mzee, umempa nyota moja?"

"Daraja la kwanza."

Karani alichukua faili akafunika uso. Mabega yakawa yanatikisika. Alipolitoa faili, macho yalikuwa na machozi. "Mzee wangu. Hii inahesabiwa kama hoteli. Tano ndiyo ya juu. Moja ni ile hoteli ambayo panya ndiye anakupokea mizigo."

Gramu hakuwahi kulala kwenye hoteli yenye nyota, lakini panya alimwelewa.

"Halafu tazama," karani akaendelea bila huruma. "Walioandika walikuwa tisa, wote wametoa tano tano. Wewe wa kumi. Na umesaini kwa cheo! Huyu kijana ni nani?"

"Anataka kumwoa mwanangu."

Karani akalirudisha faili usoni.

Mtu mwingine angebonyeza nyota ya tano palepale na mambo yakaisha. Kidole cha Gramu kilikwenda kweli, kikafika juu ya ile nyota, kikasita. Maana sasa alijua tano ni nini. Tano ni kusema kitu hakina kasoro, na yeye alikuwa na daftari zima la kasoro. Zaidi ya hapo, mwenye kitu alikuwa karibu kuwa mtu wa nyumbani kwake, na mkaguzi anayempigia wa nyumbani muhuri wa upendeleo, kesho ana uso gani mbele ya mwenye bucha? Lakini moja nayo ilikuwa uongo. Uongo huku, uongo kule, naye yuko katikati kama mshale uliokwama. Akairudisha simu mfukoni. Jioni akamwomba mkewe ampigie kijana, aje Jumamosi.

Kijana alikuja. Safari hii hakuketi ukingoni mwa kochi, alisimama, na Mziwanda akasimama karibu naye amekunja mikono. Gramu akakohoa.

"Nyota moja," akasema, "mimi nilidhani ni namba moja."

Kijana akakunja uso.

"Nilidhani ni daraja la kwanza. Kama mizani ya dhahabu. Karani ndiye aliyenieleza habari za hoteli."

Mziwanda alimtazama baba yake, akamtazama tena. Mikono ikakunjuka. Mama mtu, aliyekuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akasema, "Wiki mbili! Wiki mbili nimepika chakula cha msiba kwa ajili ya nyota!"

"Lakini maoni yenyewe, Baba," kijana akasema polepole. "Yale yote uliyoandika..."

"Yale ni kweli. Keti nikuulize." Gramu akalileta daftari, akalifungua mezani. "Njia zinahama. Kwa nini?"

"Zinapangwa upya kila mara, Baba. Ndivyo nilivyotaka. Usizikariri, uzitazame."

Gramu aliandika jibu, ingawa hakulielewa. "Zimwi likifa likaanza upya, linajua kwamba liliwahi kufa?"

"Halijui. Wewe ndiye unayejua."

Hilo nalo akaliandika, na mkono wake ukakawia juu ya karatasi. "Na lile lisilo na mdomo? Hilo ni kosa la kiwandani."

"Si kosa. Nililiweka mwenyewe. Linatokea mara moja katika mia mbili."

"Kwa makusudi? Kwa nini?"

Kijana akakuna shavu. Ilionekana anatafuta jibu la heshima, hakulipata. "Sijui, Baba. Nilitaka kuona litaishije. Nilipojaribu mimi lilikufa chumba cha pili."

"Langu lilifika ngazi ya sita."

Kijana, aliyekuwa ameinua kikombe, akakirudisha kwenye sahani. "Ngazi ya ngapi?"

"Sita. Mvua inanyesha. Kuna jingine kubwa limelala."

"Baba." Akasogea karibu na meza. "Kwenye mitambo yetu tunaona kila mtu amefika wapi. Hao rafiki zangu tisa walionipa nyota tano, aliyefika mbali zaidi ameishia ngazi ya pili. Ila kuna mtu mmoja, mmoja tu, anaonyesha amefika ya sita. Wenzangu wakasema hiyo ni hitilafu ya mashine. Juzi tulitaka kuifuta."

"Msiifute," Gramu akasema, akifunua ukurasa. "Jumatano, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Hii hapa."

Kijana akavuta daftari. Akasoma ukurasa ule, akafunua wa nyuma yake, akafunua wa mbele yake. Mara mia na kumi na moja, kila kifo kwenye mstari wake, kwa mwandiko ulionyooka kama rula.

"Saa kumi na mbili na ishirini," mama mtu akasema kutoka mlangoni. "Jumatano. Kumbe ndivyo sufuria yangu ilivyoungua! Ukaniambia gesi!"

"Kwa hiyo uliupenda, Baba?" Mziwanda akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa karibu wiki mbili.

Wote watatu wakamtazama. Gramu alilitafuta jibu kifuani, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Kusema kweli sijui kama niliupenda," akasema. "Niliucheza."

Kisha akamwomba kijana amwonyeshe namna ya kurekebisha nyota. Maandishi hakuyagusa. Alibonyeza ya tatu, zikawaka tatu, akaiweka simu mezani.

"Tatu?" Mziwanda akapiga kelele. "Baba, tatu?"

"Zile njia nikielezwa vizuri, nitafikiria ya nne."

"Mwache," kijana akasema, na akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebanwa na viatu siku nzima akavivua. "Tisa wamenipa tano bila kucheza. Mwache anipe tatu zake."

Hivyo uchumba ukaendelea, na miezi miwili baadaye jamaa za pande zote wakakutana sebuleni kwa Gramu kupanga siku ya harusi. Watu walikula, wakanywa, wakasifiana watoto. Kisha mjomba wa Gramu, mzee wa miaka themanini na kitu asiyesikia vizuri sikio la kushoto, akauliza bwana harusi anafanya kazi gani. Kijana akafungua kinywa, lakini Gramu akamwinulia mkono. Hili alitaka kulieleza mwenyewe.

Akaeleza. Akasema kwamba mkwe wake anatengeneza zimwi, linaanza dogo kama punje, linakula, linakua, linageuka umbo. Kwamba linakufa mara nyingi, lakini lenyewe halijui. Kwamba pango linahama, na hilo si kosa, ndivyo alivyotaka. Kwamba mengine yanazaliwa hayana mdomo, moja katika mia mbili, na sababu haijulikani, hata yeye kijana haijui. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikia maneno yake mwenyewe yakipotea njia, na upande wa pili shangazi mmoja alikuwa ameacha kutafuna. Akamalizia kwa kusema kwamba kazi ni nzuri, ameikagua.

Mjomba alikuwa amegeuza sikio zima mbele ili asikose hata neno.

"Na hilo zimwi," akauliza, "mnalifuga wapi?"

Gramu akamtazama mkwe wake. Mkwe wake akamtazama yeye.

"Simuni," wakasema kwa pamoja.

Mzee alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa busara ya mtu aliyeona mengi. "Vizuri," akasema. "Ila wakija watoto, mlihamishie nje."

Na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua aanzie wapi kumrekebisha, wote wakaitikia kwamba ni kweli, watalihamishia nje, kikao kikaendelea na habari za tarehe.